Kitufe kilichofichwa chini ya kioo humgharimu mkulima

MSIMU wa kununua mazao unapoanza, macho ya wengi huelekezwa kwenye mizani. Mkulima hutazama kama mzani umeanza kwenye sifuri, karani hutazama uzito, na viongozi wa chama hutazama magunia. Ni wachache wanaotazama kioo cha kompyuta, ingawa siku hizi hapo ndipo kilo za mkulima zinapogeuzwa kuwa fedha.

Katika vyama vya msingi, maghala, maduka ya pembejeo na SACCOS, kazi nyingi zilizokuwa zikifanywa kwenye daftari sasa hufanywa kwa programu za kompyuta za mezani na za mpakato. Programu hizo zimerahisisha mengi. Hata hivyo, baadhi yake zina kasoro moja ambayo wanunuzi huigundua wakiwa wameshalipa: zimetengenezwa kwa ajili ya kioo cha ukubwa mmoja tu, yaani kile kilichokuwa mbele ya mtengenezaji.

Kasoro hiyo hujitokeza siku programu inapowekwa kwenye kompyuta ya chama. Dirisha la kuandikia mapokezi ya mazao hufunguka likiwa refu kuliko kioo. Jina la mkulima linaonekana, namba ya uanachama inaonekana, uzito na daraja vinaonekana, lakini sehemu ya makato imekatwa nusu na kitufe cha kuhifadhi hakionekani kabisa.

Karani hana budi kubuni njia. Hubonyeza kitufe cha Tab mara kadhaa akihesabu kimoyomoyo, kisha hubonyeza Enter akitumaini kwamba ameangukia "hifadhi" na si "futa". Akikosea hesabu, maandishi ya mkulima hupotea, na huenda kosa hilo lisijulikane hadi siku ya malipo.

Gharama isiyoonekana kwenye vitabu

Uzito wa jambo hili unaeleweka vizuri zaidi katika biashara ya korosho. Tanzania ilitunga Sheria ya Stakabadhi za Maghala mwaka 2005, na katika msimu wa 2007/08 mfumo huo ukaanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara. Chini ya mfumo huo mkulima hukabidhi mzigo kwanza, kisha husubiri mnada na malipo.

Maana yake ni kwamba kati ya siku ya kupima na siku ya kulipwa, mkulima hana korosho na hana fedha. Alicho nacho ni maandishi: jina lake, kilo zake, daraja la mzigo wake na namba ya akaunti yake. Sehemu yoyote ya maandishi hayo isiyoonekana kwenye kioo ni sehemu ambayo karani hawezi kuihakiki.

Upo pia upotevu wa muda. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba karani anapokea wakulima 120 kwa siku, na kwa kila mmoja anapoteza sekunde 40 akivuta dirisha huku na huko, jumla ni dakika 80 kila siku. Kwa msimu wa siku 60 hizo ni saa 80, sawa na siku 10 za kazi za saa nane. Chama kinazilipia siku hizo, na mkulima anazilipia kwa kusimama juani.

Gharama hiyo haiandikwi popote. Katika hesabu za chama hujificha ndani ya posho za muda wa ziada, vibarua wa kusaidia wakati wa msimu na safari za fundi anayeitwa kutoka mjini "kurekebisha kompyuta" ambayo kwa kweli haina ubovu wowote.

Tatizo linaanzia wapi

Kioo cha kompyuta kimeundwa kwa nukta ndogo za mwanga zilizopangwa kwa mistari. Mwaka 1987 kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta zake za PS/2, kipimo cha VGA kilikuwa nukta 640 kwa upana na 480 kwa urefu, jumla nukta 307,200. Baadaye vikaja vioo vya 800 kwa 600, kisha 1024 kwa 768. Kompyuta za mpakato zikazoea 1366 kwa 768, na leo vioo vya 1920 kwa 1080 ni vya kawaida. Hivyo vina nukta 2,073,600, zaidi ya mara sita ya zile za mwaka 1987.

Safari hiyo haikuwa ya kupanda tu. Mwaka 2007 ASUS ilitoa Eee PC, kompyuta ndogo ya bei nafuu yenye kioo cha inchi saba na nukta 800 kwa 480. Nyingine nyingi za aina hiyo zilizofuata zilikuwa na nukta 1024 kwa 600. Kwa waliozinunua bei ilikuwa mkombozi, lakini programu zilizozoea urefu wa nukta 768 zilikatwa miguu.

Kwa upande wa pili, njia ya kutengeneza madirisha ilichelewa kubadilika. Katika Visual Basic 6 ya mwaka 1998, lugha iliyotumika sana kutengenezea programu za ofisi, mtengenezaji aliweka kila kitufe mahali pake kwa kipimo: umbali fulani kutoka kushoto, umbali fulani kutoka juu. Dirisha likibadilika ukubwa, kitufe kilibaki palepale. Aliyetaka kisogee alilazimika kuandika maagizo ya hesabu yeye mwenyewe, na kwa kazi ya haraka wengi hawakuandika.

Kioo kipya chaweza kuwa kidogo zaidi

Viongozi wengi wakielezwa tatizo hili hujibu kwamba dawa ni kununua kompyuta mpya. Jibu hilo halina uhakika, na linaweza kukiingiza chama kwenye hasara ya pili.

Sababu ni kwamba kompyuta mpya ya mpakato hubana nukta nyingi kwenye kioo kidogo. Herufi zikiachwa zilivyo huwa ndogo kama chembe za ulezi, kwa hiyo Windows huzikuza kwa asilimia 125 au 150. Kioo cha 1920 kwa 1080 kikikuzwa kwa asilimia 150 hubaki na nafasi sawa na kioo cha 1280 kwa 720. Kwa urefu, hiyo ni pungufu kuliko kioo cha zamani cha 1024 kwa 768.

Hali ni ngumu zaidi kwa kioo cha 1366 kwa 768 ambacho karani amekikuza kwa asilimia 125 kwa sababu macho yake yameanza kuchoka. Kinachobaki ni takriban 1093 kwa 614, na ukanda wa chini wa Windows unamega sehemu yake. Dirisha lenye urefu wa nukta 700 haliwezi kuenea hapo hata kompyuta ingekuwa imetoka dukani jana.

Aidha, programu ambayo haikuandaliwa kwa ukuzaji huo mara nyingi huvutwa na Windows kama picha inavyovutwa, na maandishi yake huonekana yenye ukungu. Tarakimu 3 na 8 zikianza kufanana kwenye safu ya kilo, hilo si suala la urembo tena.

Kanuni badala ya vipimo

Dawa ya kweli iko mikononi mwa mtengenezaji, na si ngeni kwa mtu anayejua shamba. Bwana shamba anayefundisha kupanda mahindi hamchorei mkulima ramani ya kila shimo. Humpa kanuni: sentimita 75 kati ya mstari na mstari, sentimita 30 kati ya shina na shina. Shamba likiwa robo eka au eka tano, la mraba au la pembe tatu, kanuni ni ileile na mahindi yanakaa vizuri.

Dirisha la kompyuta nalo hupangwa hivyo. Badala ya kusema kitufe kikae nukta 720 kutoka juu, mtengenezaji husema kikae daima kwenye kona ya chini kulia, popote kona hiyo itakapokuwa. Ni kama mashua iliyotiwa nanga: maji yakijaa au yakipwa, haiachi mahali pake. Kisanduku cha jina hufungwa kushoto na kulia ili kipanuke dirisha linapopanuka. Orodha ya wakulima ndiyo hupewa nafasi yote inayobaki, kwa kuwa ndiyo inayonufaika na mistari zaidi.

Zana za kufanya hivyo zipo siku nyingi. Java ilikuwa na taratibu za kupanga madirisha kwa kanuni tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1996. Microsoft ilileta utaratibu wa nanga katika .NET mwaka 2002, na mwaka 2005 ikaongeza mpangilio wa jedwali ambao kila safu hupewa asilimia yake ya nafasi. Hata Access, inayotumika kutengenezea mifumo midogo ya ofisi, ilipata utaratibu wa nanga katika toleo la 2007.

Kanuni pekee hazitoshi iwapo fomu yenyewe imejazwa mambo 40 kwenye ukurasa mmoja. Fomu ndefu hugawanywa hatua kwa hatua: kwanza mkulima, kisha mzigo, kisha makato. Ikilazimu kuwe na sehemu ya kuteleza juu na chini, basi visanduku ndivyo viteleze. Kitufe cha kuhifadhi na jumla ya kilo vibaki nje ya sehemu hiyo ili vionekane wakati wote.

Mtengenezaji huweka pia kikomo cha chini, yaani ukubwa ambao dirisha haliwezi kupunguzwa zaidi yake. Kikomo hicho hupaswa kutokana na kioo kidogo kuliko vyote vilivyopo kwa wateja wake. Kioo kikubwa kilichopo ofisini kwake si kipimo.

Kiswahili nacho kinahitaji nafasi

Lugha ni sababu nyingine ya kuacha vipimo visivyobadilika. Mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo huonyesha haraka kwamba maneno hayalingani urefu. Neno la Kiingereza "save" lina herufi nne, "hifadhi" lina saba. "Print" lina tano, "chapisha" lina nane.

Kitufe kilichopimwa kwa neno fupi hukata neno refu. Karani anayeona "Chapi" kwenye kitufe anaweza kukisia, lakini anayeona "Uzito baada ya" na sehemu iliyobaki imemezwa hawezi kujua kama ni baada ya makato, baada ya kukaushwa au baada ya kuondoa gunia. Kitufe na kisanduku vinavyopanuka kufuata maneno yake humaliza tatizo hilo bila kuandika programu upya.

Kabla ya kulipa

Wapo wanaosema suala hili litakwisha kazi zote zitakapohamia kwenye simu na intaneti. Huenda likapungua, lakini halitakwisha leo. Programu inayokaa ndani ya kompyuta bado inahitajika mahali ambapo mtandao hukatika, na mahali ambapo kompyuta imeunganishwa moja kwa moja na mzani wa kielektroniki au printa ya risiti. Isitoshe, ukurasa wa intaneti usiopangwa vizuri nao hukatika vilevile.

Kwa chama, ghala au duka linalotaka kununua programu, hatua zifuatazo hazihitaji utaalamu:

Kwanza, orodhesha kompyuta zote zitakazotumika na idadi ya nukta za kioo cha kila moja, pamoja na asilimia ya ukuzaji. Vyote viwili vinaonekana kwenye mipangilio ya kioo.

Pili, taka programu ijaribiwe kwenye kompyuta yenye kioo kidogo kuliko zote. Onyesho la muuzaji kwenye kioo chake kikubwa halithibitishi lolote.

Tatu, mpe karani mwenyewe aandike mapokezi ya mkulima mmoja mwanzo hadi mwisho, bila kuvuta dirisha na bila kukisia. Kisha kuza herufi hadi asilimia 125 na umwambie arudie.

Nne, punguza dirisha kwa kuvuta kona yake, kisha likuze lijaze kioo chote. Vitufe vikibaki palepale au vikipotea, programu imepangwa kwa vipimo.

Tano, andika ukubwa wa kioo kidogo kabisa ndani ya mkataba, na sehemu ya mwisho ya malipo itolewe baada ya jaribio hilo kufaulu.

Kwa wale ambao programu yao tayari ina kasoro, ipo nafuu ya muda. Katika Windows ya Kiingereza, bonyeza Alt pamoja na kitufe kirefu cha nafasi, kisha M, halafu tumia mishale kulisogeza dirisha juu hadi kitufe kilichofichwa kionekane. Hiyo ni huduma ya kwanza tu, na karani asiachwe kufanya kazi hivyo msimu mzima.

Mtengenezaji anayepanga kwa kanuni tangu siku ya kwanza huongeza kazi ya siku chache. Anayeachia hadi programu isambae kwenye ofisi 30 hulazimika kurekebisha fomu moja moja na kuzunguka ofisi zote 30. Mnunuzi ndiye mwenye uwezo wa kuamua lipi litokee, na uwezo huo anao kabla ya kusaini hundi.