Kifuu cha nazi chageuzwa hifadhi ya umeme

KATIKA kisiwa cha Funzi, Kaunti ya Kwale, mnazi hautupwi kitu. Makuti huezekwa, makumbi husokotwa kamba, nacho kifuu hufanywa upawa au hutiwa jikoni kikawa kuni. Hata hivyo, kifuu hicho hicho ni malighafi ya vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme viitwavyo supakapasita.

Betri ya kawaida huhifadhi nguvu kwa mabadiliko ya kikemikali ndani ya elektrodi, yaani sehemu zake mbili ambamo umeme huingilia na kutokea. Mabadiliko hayo huchukua muda na huichakaza betri. Katika supakapasita, chembe zenye chaji hujipanga tu juu ya uso wa elektrodi. Ndiyo maana hujaa kwa sekunde chache na huweza kuchajiwa mara laki kadhaa.

Kwa kuwa chaji hukaa usoni, sharti uso huo uwe mpana ndani ya nafasi finyu. Vifuu huchomwa pasipo hewa vikawa makaa, kisha makaa hupitishiwa mvuke katika joto la nyuzi zipatazo 900 za Selsiasi. Mvuke huyatoboa vitundu vingi visivyofikia upana wa nanomita 2. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Gramu moja ya makaa hayo huwa na uso unaozidi mita 1,000 za mraba.

Mwaka 2006, watafiti wa Marekani na Ufaransa walionyesha kuwa hata vitundu vya kaboni vilivyo chini ya nanomita 1, vilivyodhaniwa vyembamba mno, huhifadhi chaji nyingi zaidi.

Kasoro ipo. Kwa uzito ule ule, supakapasita hubeba nguvu kidogo mno kuliko betri ya lithiamu. Haimfai mvuvi anayehitaji taa usiku kucha. Hufaa kulinda kumbukumbu za mitambo umeme unapokatika.

Kwale inalo funzo la karibu. Madini ya titani, ambayo oksidi yake hutumiwa zaidi katika rangi na pia katika elektrodi za betri ndogo, yalisafirishwa ghafi kupitia Likoni tangu 2014 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Thamani ya kifuu nayo hupatikana tanurini na katika usafi, kwani mabaki ya chuma huharibu kifaa. Anayeuza kifuu kitupu hulipwa bei ya kuni.