Bamia Haifiki Gotini

Kila ninapoitwa kuwanoa walimu wa karate, judo na taekwondo wanaotaka kufundisha watu wa miaka sitini na kuendelea, mkono wa kwanza kunyooshwa una swali lilelile: "Daktari, mzee magoti yanalia, uteute umekwisha. Si anywe kwanza maji ya bamia mwezi mmoja, ndipo aanze?" Kwanza mimi si daktari, ni mfiziotherapia. Pili, hapana. Nimechoka kulijibu kwa mdomo. Safari hii naliandika, mkipenda libandikeni ukutani dojoni.

Ule ute wa bamia ni nyuzi za mmea zinazolainika majini. Ukiunywa, unapita tumboni na utumbo mwembamba bila kumeng'enywa, bakteria wa utumbo mpana wanaushughulikia wanavyoweza, unaosalia unakwenda chooni. Ndiyo maana bamia humfaa mwenye choo kigumu. Hakuna mahali katika safari hiyo panapochepuka kwenda gotini. Ute wa goti unatengenezwa palepale gotini, na utando unaolizunguka kwa ndani, ambao huchuja maji kutoka kwenye damu na kuyatia asidi ya hayaluroni. Goti zima lenye afya kwa kawaida halina hata mililita 5, yaani hakijai kijiko cha chai. Vitu viwili kufanana kwa kuteleza si ushahidi wa undugu. Kama ingekuwa hivyo, mlenda ungetosha kuzifunga wodi zote za mifupa.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba watu haohao wanaosema uteute umekwisha ndio wanaoniambia, wiki mbili baadaye, kwamba goti la mzee limejaa maji. Maji hayo ndiyo uteute wenyewe, umezidi! Goti lililosagika likikasirika huongeza majimaji, na hospitalini huvutwa kwa sindano. Sijawahi kusikia muuza unga wa bamia akilieleza hilo. Na kule kulia? Mara nyingi ni vipovu vya gesi ndani ya kiungo, au kano inayoruka juu ya mfupa. Goti linalolia bila kuuma wala kuvimba kwa kawaida halina shida. Magoti ya vijana wenu yanalia pia, ila muziki wa mazoezi unayafunika.

Tuje kwenye madhara, maana mtaniambia bamia haijamuua mtu. Gegedu linalofunika ncha za mifupa halina mishipa ya damu. Hulishwa kwa kubanwa na kuachiwa, kama sifongo, kila mtu anapotembea, anapochuchumaa, anaponyanyuka. Mwalimu anayempumzisha mzee mwezi mzima akisubiri bamia ifanye kazi amelinyima gegedu chakula, na ameiacha misuli ya mapaja, inayolibeba goti, izidi kunyauka. Baada ya mwezi mzee anarudi akiwa dhaifu kuliko alivyoondoka, na chupa nyingine mkononi. Supu ya makongoro iingizeni humohumo: ni tamu, ina protini, lakini tumbo huivunjavunja kama protini nyingine yoyote, haiipi anwani ya goti.

Swali ambalo walimu hawaniulizi ni la kuanguka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wazee ndio wengi. Hapo ndipo sanaa zenu zina la kusema. Huko Oregon, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia watu 670 wa miaka 70 na zaidi: waliofanya taichi iliyorekebishwa kwa ajili ya wazee, mara mbili kwa wiki kwa wiki 24, walianguka mara chache kwa asilimia 58 kuliko waliojinyoosha tu. Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwapima wajuzi wa judo wakianguka kwa ubavu: kujiviringisha kulipunguza kishindo cha nyonga kwa zaidi ya robo, na kugonga mkeka kwa mkono hakukuongeza faida. Basi acheni kuwagongesha wazee mikono; vifundo vya mikono yao vitavunjika bure. Na msiseme umri umewapita: kule Korogocho, Nairobi, kina shosho, yaani mabibi, wamekuwa wakijifunza ngumi na mateke ili kujihami na wabakaji.

Nafasi inakwisha, kwa hiyo haraka haraka. Kabla ya siku ya kwanza muulize mzee dawa anazotumia, kama aliwahi kuanguka, na macho yakoje. Wa dawa za presha asiinuliwe ghafla kutoka chini, wa sindano za sukari asije na njaa. Mkao uwe mfupi na wa juu. Seiza, kule kukalia visigino, ifutwe, kiti kiwe karibu. Teke lisipite kiuno, na pumzi isibanwe. Kumite, yaani pambano, ya kugusana hapana. Kwenda sakafuni na kuinuka kufundishwe hatua kwa hatua, kwa kushikilia kiti, wiki nyingi kabla ya kuanguka kokote, na kuanguka kuanzie kwenye magoti juu ya mkeka mnene kwa mwenye mifupa imara. Mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara yafike siku tatu kwa wiki. Maumivu yanayoisha kesho yake asubuhi, endeleeni, yanayozidi, punguzeni. Goti jekundu lenye moto, kifua kubana au kizunguzungu, hospitali siku hiyohiyo.

Jambo moja haliandikwi kwenye mitaala. Kijana wa miaka 25 anaona haya kumsahihisha mtu wa makamo ya babu yake, na babu naye hatamwambia sensei kwamba anasikia kizunguzungu, kwa kuwa ameambiwa dojoni hakuna kulalamika. Mpe shikamoo yake mlangoni, kisha mwulize kila baada ya dakika kumi, "Babu, kichwa kikoje?" na usiendelee mpaka ajibu.