Binti Akisema Amepata "Dada" Chuoni

Wengine wetu tuna watoto wanaosoma Marekani. Binti anapiga simu: "Mama, nimepata dada arobaini!" Tuelewe maneno yake.

Sororiti ni chama cha wanafunzi wa kike. Cha wavulana ni fraterniti. Vingi vinaitwa kwa herufi za Kigiriki, kama Alpha Kappa Alpha, kilichoanzishwa na wasichana weusi katika Howard University, Washington, mwaka 1908. Rashi ni siku za kutembelea vyama na kuchaguliwa. Bidi ni mwaliko wa kuingia. Pleji ni mgeni ambaye hajapokelewa kamili. "Dada mkubwa" ni yule anayemwongoza.

Neno la kushika sana ni hezingi: kumtesa au kumwaibisha mgeni ili akubaliwe, kama kumlazimisha kunywa pombe nyingi. Vijana wamekufa kwa hiyo, na majimbo mengi yanaikataza kwa sheria.

Nilipoingia chuo cha ualimu, wakubwa walituita "bleu". Mchana tulicheka nao. Usiku wengine walilia, na hakuna aliyewaambia wazazi.

Basi binti akitaja dada zake, furahi naye, kisha muulize polepole: "Wanakutaka ufanye nini kwanza?" Akinyamaza, usikate simu.