Uwanja Mmoja, Zamu Nyingi

Mgonjwa wa shinikizo la damu akishauriwa kutembea kila siku, huuliza: nitembee wapi? Kwa mkazi wa Likombe, katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, barabarani pana bodaboda na jua kali. Kinachobaki ni uwanja wa wazi, nao una vijana wa mpira.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na mtoto dakika 60 kila siku. Uwanja mmoja waweza kuwatosha wote iwapo zamu zitapangwa: alfajiri wazee na wagonjwa, mchana wanafunzi, jioni timu za wasichana na za wavulana kwa kupokezana. Kituo cha michezo cha vijana cha Kidongo Chekundu, Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 2015, hukusanya soka, mpira wa kikapu na magongo mahali pamoja.

Matunzo nayo hayahitaji fedha nyingi. Uwanja upumzishwe unapolowa, kwani udongo mbichi ukikanyagwa hushindiliwa na nyasi hufa. Mashimo yafukiwe, yasituamishe maji yanayozaa mbu. Misumari na vigae vya chupa viokotwe, maana mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia za mguu huweza kujichoma asijue.

Mhudumu wa afya anayeshauri mazoezi na ahudhurie pia mkutano wa mtaa unaopanga zamu. Ushauri usio na mahali pa kutekelezwa ni nusu ya tiba.