Spesa za Magurudumu: Pima Kwanza, Nunua Baadaye



Wenzetu kadhaa wa viwanda vya Namanve wamenunua Corolla kuukuu kwa akiba zao, na wakitoka zamu ya usiku hubeba wenzao mpaka Kireka na Mukono kwa nauli ndogo. Hivi karibuni gari la mmoja wao lilichomoka gurudumu la mbele, watu watano wakiwa ndani. Lilikuwa likienda polepole, likaishia mtaroni, na hakuna aliyeumia. Asubuhi tulipokwenda kulitazama tulikuta stadi mbili zimekatika, mbili nyuzi zake zimelika kabisa, na nyuma ya rimu spesa mbili zimepangwa moja juu ya nyingine. Mwenzetu alikuwa ametia rimu mpya ili gari lipendeze.

Spesa ni bamba nene la chuma au alumini linalowekwa kati ya habu na rimu ili kulisogeza gurudumu nje. Hutakiwa pale rimu mpya inapogusa shokapu au kalipa ya breki. Ukienda soko la Kisekka utaulizwa unataka nene au nyembamba, kama mtu anayenunua mkate. Unene wa spesa hauchaguliwi kwa macho, hutokana na hesabu, na mara nyingi hesabu hiyo itakuambia usinunue kitu.

Geuza rimu utazame nyuma. Utaona herufi ET na namba. Hiyo ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka uso unaokaa kwenye habu. Namba ikiwa kubwa, gurudumu huingia ndani zaidi. Sasa tuseme rimu ya zamani ni ya inchi 6 yenye ET 45, na mpya ni ya inchi 7 yenye ET 45 hiyo hiyo. Inchi moja iliyoongezeka hugawanyika, milimita 13 hivi ndani na 13 nje. Ndani ikigusa shokapu, spesa ya milimita 15 itaiondoa hapo. Lakini kwa nje gurudumu sasa limetoka milimita 28 kuliko zamani. Ukijaza watu na kuingia shimo la barabarani, madigadi itakula tairi. Beringi nayo hubebeshwa mzigo ambao haikutengenezewa, na mlio wake unaweza kuusikia mapema. Kama bado hujanunua rimu, tafuta yenye upana na ET ya ile ya zamani, na habari ya spesa itakwisha hapo.

Kama tayari unazo, pima matundu. Corolla nyingi za miaka ya 1990 zina stadi nne kwenye duara la milimita 100, na kitovu cha habu kina milimita 54.1. Rimu nyingi za kununua zina tundu la katikati la milimita 73 hivi ili ziingie magari ya kila namna. Kwa hiyo hazikai juu ya kitovu, na usukani hutetemeka. Spesa nzuri hushika kitovu cha habu bila kucheza, nayo ina kitovu chake kinachoshika rimu. Fundi akitaka kupanua matundu kwa tupa, chukua gari lako uondoke.

Jambo lililomponza mwenzetu hasa ni nati. Stadi hizo zina unene wa milimita 12, na kila mzunguko wa nati huingia milimita 1.5. Nati iingie mizunguko 8 kwa uchache. Hesabu kwa vidole kabla ya kushika spana. Spesa ya milimita 5 tu hula mizunguko zaidi ya 3. Ikipungua 8, weka stadi ndefu, au spesa yenye stadi zake yenyewe, ambayo kwa kawaida huanzia milimita 20. Kupanga mbili ni marufuku kwetu.

Tazama pia umbo la nati. Rimu nyingi za alumini za Toyota zenyewe hutumia nati zenye washa bapa, lakini rimu za kununua nyingi hutaka nati zenye ncha ya mteremko. Ukichanganya, hata ukikaza mpaka jasho likutoke zitalegea. Kipimo cha kukaza Corolla ni kama kilo 10 na nusu zikining'inia kwenye mkono wa spana wa mita moja. Kaza kwa mkingamo, kisha rudia baada ya kilomita 50.

Mwenzetu amerudisha rimu zake za chuma na anaendelea kubeba watu. Zile za kung'aa ziko chini ya kitanda, anatafuta mnunuzi. Tumemwomba amwonyeshe huyo mnunuzi namba ya ET kabla ya kupokea fedha.