Dungu Ndiyo Hati

Chita, chini ya safu ya Udzungwa, ukiuliza shamba hili la nani, mara nyingi huonyeshwi karatasi. Unaonyeshwa dungu. "Lile la marehemu baba," aliniambia mkulima mmoja mzee wa mpunga, akinyoosha kidole kwenye nguzo mbili zilizoinama majini. Paa limekwenda, sakafu imekwenda, shamba bado lao.

Yeye mwenyewe hujenga. Nguzo sita zenye panda, mashimo ya kina cha mkono mzima, maana udongo wa mbuga ukilowa haushiki kitu. Juu ya panda hulaza boriti, kisha fito zilizobanana, zote zimefungwa kwa kamba za magome yaliyolowekwa. Misumari haitaki. "Upepo ukitikisa, msumari unalegea. Kamba ikikauka inakaza." Sakafu lazima ipite kichwa chake: mafuriko ya Machi na Aprili hayapigi hodi, na kiboko hana adabu. Chini moto wa kufukuza mbu. Juu mke, watoto, ndoo ya maji, na kamba ndefu zenye makopo, za kuvutwa kwelea wakishuka. Wanaishi humo hadi mavuno.

Kilichonisumbua ni Marekani, ambako nako kibanda kiligeuka hati. Mwaka 1840 William Henry Harrison, mtu wa ukwasi, alishinda urais akinadiwa kama mtu wa kibanda cha magogo. Mwaka uliofuata sheria ikamruhusu mlowezi aliyevamia ardhi ya serikali na kujenga kibanda ainunue kabla ya mnada, hadi ekari 160, dola 1.25 kila ekari. Walowezi walikuwa na kura. Wacherokee, wenyeji wa asili, walikuwa na nyumba, mashamba na katiba yao ya 1827, lakini sheria ya Rais Andrew Jackson ya 1830 ikafungua njia ya kuwahamisha, na mwaka 1838 wanajeshi wakawatoa.

Nilimsimulia mzee hayo. "Hata sisi si wa kwanza hapa," akasema. "Babu wa babu yangu ni Mbena, vita na Wahehe vilimshusha huku. Akawakuta Wandamba wanavua. Mvuvi anafuata samaki, hajengi dungu. Utasema hakuwepo?"

Kisha wakaja wafugaji, wengine baada ya kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006. Operesheni ya serikali ya 2012 ilipotoa mifugo katika bonde hili la Chita, ardhi oevu iliyoorodheshwa chini ya mkataba wa Ramsar tangu 2002, mzee alishangilia. "Wengine walikuwa na watoto humo," akaongeza bila kuulizwa. Baadaye bikoni za hifadhi zikawekwa, na dungu la baba yake likaangukia upande wa hifadhi.

Akataka kujua kama Wacherokee walirudi. Wapo waliobaki milimani North Carolina, nikamjibu, kwenye ardhi aliyowanunulia mzungu mmoja, William Holland Thomas, kwa jina lake mwenyewe.

"Na mzungu akifilisika, mwanangu?"

Alifilisika kweli, na wadai wake wakaifuata ardhi hiyo hiyo.