Jimmie Rodgers Alivyofika Kapkatet

Taja country mtaani na wasee watakutajia Kenny Rogers, Dolly Parton, ama Jim Reeves wa wazee wa ocha. Fiti, hao ni magwiji. Lakini kuna msee aliwatangulia wote, na ngoma zake zilishatua Kericho kitambo, enzi za mkoloni. Anaitwa Jimmie Rodgers.

1927, Ralph Peer wa kampuni ya Victor alibeba mitambo ya kurekodi hadi Bristol, mji umekalia mpaka wa Tennessee na Virginia, akaita wasanii wa mashinani. Carter Family walirekodi, na siku mbili baadaye Jimmie naye akaingia. Wengi husema country ya rekodi ilizaliwa hapo, na mimi sina ubishi. Huyu alikuwa chali wa Mississippi, mtu wa mjengo wa reli na breki za treni, na blues aliishika kwa wafanyikazi weusi wa huko huko kwa reli. 1930 akarekodi "Blue Yodel No. 9", tarumbeta ikipulizwa na Louis Armstrong na piano ikichezwa na Lil Hardin. Manze, Marekani ya ubaguzi, na mzungu na weusi wako studio moja!

TB ilikuwa imemshika hata kabla ajulikane. Mei 1933, New York, aliwekewa kitanda kando ya studio. Akimaliza ngoma moja, analala. Akipata pumzi, anaamka anaimba ingine. Siku mbili baada ya session ya mwisho, akadedi, na miaka 35 tu. Hiyo ndio kujituma, mbogi yangu.

Sasa skia hii. Gramafoni zilikuwa zimeleta sauti yake hadi kwa Wakipsigis, na wakaipenda mbaya. 1950, Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, akafika Kapkatet, huko Kericho. Madem wa huko wakamwimbia "Chemirocha". Huyo Chemirocha ni Jimmie Rodgers, jina limegeuzwa kwa ulimi wa Kipsigis! Tracey aliandika kwamba kwao alikuwa nusu mtu, nusu swara, na kwa hiyo ngoma wanamwita akuje adensi nao. Sauti zao ni laini, nyuzi za kinubi cha chepkong zinadunda pole pole chini yake, na mwili unasisimka.

1961, Country Music Hall of Fame ilipofungua daftari, Jimmie alikuwa kati ya watatu wa kwanza. Haki yake. Lakini mimi heshima ya Kapkatet naiweka juu zaidi, kwa sababu hao hawakumpea cheo, walimtungia ngoma.

"Chemirocha" iko kwa intaneti. Itafute leo, vaa hedifoni, iskize hadi mwisho. Na kama shosho yako ametoka pande za Kericho, mpigie umuulize kama anaijua, umrekodi akikuimbia.